Diwani Wako Alisema Nini Barazani? Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Rekodi ya Diwani Dar es Salaam

Miaka michache iliyopita ada ya taka ilipanda mtaani kwetu. Kwenye mkutano wa wakazi, chini ya mwarobaini pembeni ya ofisi ya serikali ya mtaa, mama mmoja mpangaji anayeuza vitumbua asubuhi alimsimamisha diwani: "Mheshimiwa, hii ada mmeipitisha nyinyi. Wewe ulisemaje?" Diwani akajibu kwamba yeye aliipinga. Watu wakapiga makofi, mkutano ukaendelea na habari za mtaro. Mimi nikabaki na swali langu: aliipinga wapi, lini, na imeandikwa kwenye karatasi gani?

Jibu nilikuja kulipata baada ya karibu miezi minne. Haya ninayoandika ni njia niliyopita, pamoja na makosa yaliyonipotezea muda, ili wewe usiyarudie.

Kitu cha kwanza kukielewa ni kwamba hakuna orodha iliyobandikwa mahali ikionyesha diwani fulani alisema ndiyo kwenye hili na hapana kwenye lile. Kura nyingi barazani hupigwa kwa kunyoosha mkono au kuitikia kwa pamoja, na muhtasari huandika uamuzi wa Baraza zima. Halafu kuna kikao cha madiwani wa chama kinachotangulia, ambako mabishano mengi huishia. Tangu uchaguzi wa 2020 mabaraza ya mkoa huu yana wingi mkubwa wa chama kimoja, kwa hiyo mambo mengi yakifika ukumbini yamekwisha kukubaliwa. Ukitafuta kura peke yake utarudi mikono mitupu. Rekodi ya diwani unaijenga mwenyewe kwa kuunganisha vipande: mahudhurio yake, maswali aliyouliza, hoja alizosimamia, kamati aliyomo, na kilichofuata kwenye kata yake.

Anza na halmashauri yako

Inaonekana jambo dogo, lakini watu wengi wanakosea hapa. Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano. Februari 2021 iliyokuwa Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi ikawa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Nyingine ni Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kwa hiyo ukiwa Mbezi Luis, maamuzi ya "Jiji" hayakuhusu, wewe ni mtu wa Ubungo. Ukiwa Buguruni, Kariakoo au Gongo la Mboto, Jiji ndilo lako.

Jiji lina kata 36, Temeke 23, Kinondoni 20, Ubungo 14, Kigamboni 9. Kila kata ina diwani mmoja wa kuchaguliwa. Barazani huketi pia madiwani wanawake wa viti maalum na wabunge wa majimbo yaliyomo ndani ya halmashauri. Mkurugenzi ndiye katibu wa Baraza, hana kura. Meya ndiye mwenyekiti. Andika majina haya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako: diwani wako wa kata, diwani wa viti maalum anayetokea karibu nawe, na mbunge. Mbunge ni mjumbe wa Baraza kama wengine, na mahudhurio yake yanaandikwa kama ya wengine. Usimsahau.

Tenganisha ya diwani na yasiyo yake

Niliwahi kumlaumu diwani kwa barabara ambayo Baraza haliijengi. Hilo ni kosa langu, nalo linamnyima mtu haki yake. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017. Maji ni DAWASA. Kivuko cha Magogoni ni TEMESA. Mabasi ya mwendokasi yana wakala wake wa Serikali Kuu. Kodi ya majengo, ile tunayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, imewekwa na sheria ya Bunge. Kwenye mambo haya diwani anaweza kuuliza, kusukuma na kulalamika kwa niaba yenu, na ni vizuri kuandika kama amefanya hivyo, lakini hakuyapigia kura.

Yaliyo mikononi mwa Baraza ni haya: bajeti ya halmashauri kila mwaka, sheria ndogo zinazoweka ada na ushuru, matumizi ya mapato ya ndani, shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya, masoko ya halmashauri, taka, na mapendekezo ya kubadili matumizi ya ardhi, kwa mfano kiwanja cha makazi kinapoombewa kuwa kituo cha mafuta. Humo ndimo utafute sauti ya diwani.

Chagua mambo mawili au matatu tu yanayokugusa. Mimi nilichagua taka, soko letu, na kiwanja cha wazi ambacho watoto wanachezea mpira. Anayetaka kufuatilia kila kitu huchoka kabla ya robo ya pili ya mwaka.

Shika kalenda yao

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mkutano wa kawaida wa Baraza hufanyika kila robo mwaka. Kamati ya fedha hukaa kila mwezi, kamati nyingine za kudumu hukaa kabla ya Baraza, na taarifa zao ndizo zinazoletwa ukumbini.

Vikao viwili vina uzito kuliko vingine vyote. Cha kwanza ni kikao cha bajeti, ambacho huangukia kati ya Januari na Machi, kabla bajeti haijapelekwa ngazi ya mkoa, TAMISEMI na hatimaye Bungeni. Mradi usiokuwemo kwenye rasimu hiyo, hata ukipigiwa makofi mtaani mwezi Agosti, hauna fedha mwaka huo. Cha pili ni kikao maalum cha kujadili hoja za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambacho kwa kawaida huitishwa baada ya ripoti za ukaguzi kuwasilishwa Bungeni mwezi Aprili, mara nyingi ikiwa Juni. Kama unaweza kuhudhuria kimoja tu kwa mwaka, nenda hicho. Pale wataalamu wanaulizwa fedha zilikwenda wapi, na unaona kwa macho yako diwani aliyesoma kabrasha na diwani anayelifungua kwa mara ya kwanza. Ripoti kuu ya CAG ya serikali za mitaa inapatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Tafuta jina la halmashauri yako, soma kurasa zinazoihusu tu, kisha nenda ukasikilize kama diwani wako atazigusa.

Tarehe hutangazwa kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, kwenye tovuti yake na kurasa zake za mitandao. Usitegemee tangazo peke yake. Mpigie au mfuate mtendaji wa kata wiki mbili kabla ya robo kuisha, msalimie vizuri, umuulize. Yeye anajua, kwa sababu anaandaa taarifa ya kata.

Kaa ukumbini

Mikutano ya Baraza ni ya wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Vikao vya kamati havina uwazi huo, na Baraza lenyewe linaweza kujigeuza kamati, hasa kwenye masuala ya nidhamu ya watumishi. Hapo mtaombwa kutoka, na mnatoka. Nenda mapema, vaa nguo ya heshima, jiandikishe mapokezi, kaa kwenye viti vya waalikwa na zima sauti ya simu. Kama unataka kurekodi, omba ruhusa kwa ofisi ya mkurugenzi kabla kikao hakijaanza. Kalamu na daftari haziombewi ruhusa.

Halmashauri nyingi hutumia siku mbili. Siku ya kwanza madiwani huwasilisha taarifa za kata zao, na maswali ya papo kwa papo kwa Meya yakiwepo, yasikilize vizuri. Siku ya pili huletwa taarifa za kamati za kudumu, na maamuzi makubwa hufanyika hapo. Watu wengi huja siku ya kwanza kumsikia diwani wao akisoma taarifa ya kata, wakaondoka wameridhika. Siku ya pili ndiyo ya kuja.

Andika saa ya kuanza, wajumbe wangapi wamo ukumbini, na wangapi wamebaki baada ya chakula cha mchana. Nasisitiza kuhesabu kwa sababu hesabu ndiyo inayobishaniwa baadaye. Januari 2020, Baraza la Jiji la wakati ule lilipopiga kura ya kumwondoa Meya Isaya Mwita, ubishi mkubwa uliofuata ulihusu idadi: je, theluthi mbili ya wajumbe ilitimia au haikutimia? Ukiwa ukumbini na umehesabu vichwa, unacho cha kusema.

Uchaguzi wa Meya na naibu wake hupigwa kwa kura ya siri. Hapo usihangaike kutafuta nani alimpa nani.

Omba muhtasari kwa maandishi

Hapa ndipo nilipopoteza mwezi mzima. Nilikwenda mara tatu kuomba kwa mdomo, kila mara nikaambiwa mhusika yuko kikaoni. Wala sikuwa nimedanganywa, ila ombi la mdomo halina tarehe, na kisicho na tarehe hakichelewi.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaweza kueleza ombi lake na afisa akamwandikia. Barua haihitaji ufundi. Yangu ilikuwa hivi:

"Mkurugenzi wa Manispaa. YAH: OMBI LA NAKALA ZA MUHTASARI WA BARAZA LA MADIWANI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa Mtaa wa ..., Kata ya .... Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya muhtasari uliothibitishwa wa mkutano wa kawaida wa Baraza wa robo ya tatu, pamoja na orodha ya mahudhurio na taarifa ya kamati iliyopendekeza marekebisho ya ada ya taka. Niko tayari kulipia gharama ya kudurufu. Natanguliza shukrani." Chini yake jina, anwani, simu, saini na tarehe.

Peleka nakala mbili masijala. Moja inabaki, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo nyumbani. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia mhuri ule. Zikipita kimya, andika barua ya kukumbusha ukiambatanisha nakala yenye mhuri. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha uombe mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo, na ukikwama bado sheria inakuruhusu kukata rufaa kwa Waziri.

Angalia neno "uliothibitishwa" kwenye barua. Muhtasari wa mkutano huthibitishwa kwenye mkutano unaofuata. Ukiomba wa robo iliyoisha juzi utaambiwa haujathibitishwa, na jibu hilo ni la haki. Omba wa robo iliyotangulia.

Soma vitenzi kwa makini

Muhtasari nilioupata ulikuwa na kurasa nyingi, na ada ya taka ilichukua aya moja tu. Iliishia hivi: "Baraza lilipokea taarifa, lilijadili na kuridhia kwa kauli moja." Kwa kauli moja. Nikarudi kwenye orodha ya mahudhurio: jina la diwani wetu lilikuwepo, amesaini. Nikasema basi, nimemkamata.

Lakini kwenye viambatisho kulikuwa na taarifa ya kamati, na humo mlikuwa na mistari mitatu iliyonifanya nione haya kwa haraka yangu. Mjumbe wa kata yetu alishauri kwamba mpangaji wa chumba kimoja asitozwe sawa na nyumba nzima. Wataalamu walijibu kwamba viwango vitaangaliwa wakati wa marekebisho yajayo. Likapita. Kwa hiyo diwani alisema kitu cha maana kwenye kamati, ambako wananchi hawaingii, kisha akakaa kimya ukumbini, na mtaani akasema "nilipinga". Ukweli wake ulikuwa nusu, na ile nusu ya kweli ilikuwa ya kumtetea yule mama wa vitumbua.

Tangu siku ile nasoma vitenzi kimoja kimoja. "Kupokea taarifa" maana yake Baraza limeisikia. Si lazima liwe limekubali yaliyomo. "Kuridhia" na "kupitisha" ndiyo uamuzi. "Kuagiza" kuna thamani pale tu palipo na jina la mhusika na tarehe ya mwisho. "Kurudishwa kwa wataalamu" ni ushindi kwa mtu fulani aliyehoji, kwa hiyo tafuta nani. Na "wajumbe walihoji" bila majina kunakudai umfuate mtu aliyekuwepo umuulize. Kisha fungua sehemu ya "yatokanayo", yaani mambo yaliyotokana na muhtasari uliotangulia, kwenye mkutano uliofuata uone kama agizo lilitekelezwa. Diwani aliyedai jambo mara moja hafanani na aliyelirudia robo tatu mfululizo mpaka likajibiwa.

Kwa sheria ndogo kuna njia nyingine ya kuthibitisha. Rasimu hutangazwa kwanza ili wananchi watoe maoni na pingamizi, Baraza hupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, kisha huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kama ada unayotozwa haiko kwenye sheria ndogo iliyochapishwa, hilo ni swali kubwa kuliko kura ya diwani, na uanze nalo.

Rudi kwenye kata

Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile wengi wanayoiita WDC, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Hapa hakuna mahali pa kujificha: kama bajeti ilipitishwa yenye madarasa mawili kwenye shule yenu, waulize mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu fedha ziliingia lini. Mwenyekiti wa mtaa wetu, mzee mmoja mtulivu, alinionyesha daftari lake la vikao vya WDC bila kusita nilipomweleza ninachotafuta. Limejaa tarehe ambazo kikao kiliitwa na hakikufanyika.

Angalia pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Orodha ya vikundi vilivyopata ni taarifa ya umma, iombe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ukiona vikundi vyote vimetoka mtaa mmoja, uliza WDC ilijadilije.

Daftari lenyewe

Ukurasa mmoja kwa kila jambo ulilochagua. Mimi nachora safu tano: tarehe na kikao, kilicholetwa, alichosema au kufanya diwani, kilichoamuliwa, kwa maneno yaleyale ya muhtasari, na nilikopata habari hiyo. Safu ya mwisho ndiyo inayolinda safu nyingine zote. Mfano wa mstari wangu: "Robo ya tatu, siku ya pili. Ada ya taka. Hakuchangia ukumbini, kwenye kamati alitetea wapangaji wa chumba kimoja. Iliridhiwa kwa kauli moja. Muhtasari na kiambatisho cha kamati." Basi. Usiandike "mwoga" wala "shujaa". Msomaji ataona mwenyewe.

Pale ambapo huna ushahidi, acha wazi. Nafasi tupu ni taarifa ya kweli.

Kabla hujasambaza

Mpelekee diwani ukurasa wako kwanza na umpe siku saba ajibu. Umeandika habari ya mtu mwenye jina na familia, na kosa moja dogo likiingia kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa halirudi tena. Kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, kwa hiyo weka picha ya ukurasa wa muhtasari, si tafsiri yako. Usichapishe majina ya watumishi wa kawaida waliokusaidia masijala.

Mimi nilimfuata diwani ofisini kwake kata siku ya kusikiliza wananchi. Nilimsalimia, nikamwekea mezani nakala mbili, ya Baraza na ya kamati. Aliisoma ile ya kamati polepole, akasema hakujua kwamba iliandikwa. Nikamwambia: "Mheshimiwa, marekebisho yakirudi barazani, simama ukumbini useme yaleyale, na uombe mchango wako uingie kwenye kumbukumbu kwa jina." Akaniuliza robo gani. Nikamwambia ya pili, maana rasimu ya sheria ndogo ilikuwa imeshabandikwa ubaoni. Akaiandika tarehe nyuma ya nakala yangu, nami nikaiandika kwenye safu ya kwanza ya ukurasa mpya.